Mafuta yanayoitwa ‘muhimu’ ni nini hasa?

Kwenye vichupa vya rangi ya kahawia vinavyouzwa siku hizi madukani na mitandaoni utasoma ‘mafuta muhimu’. Jina hilo limetafsiriwa vibaya, na naona limewaponza watu. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa, ‘essential’, lina maana mbili: kitu cha lazima, na kiini cha kitu. Mtafsiri alichukua ya kwanza, kumbe iliyokusudiwa ni ya pili. Mwili wako hauna lazima yoyote na mafuta haya. Ni kiini cha harufu ya mmea, kilichotolewa kwenye jani, ua, ganda au gome kikawekwa peke yake. Wala si mafuta kama ya nazi au ya ufuta. Hayana utelezi ule, na ukiyaacha wazi yanaruka hewani yakaisha. Hapa nitayaita mafuta ya harufu.

Sisi wa pwani mfano wake tunao karibu. Pemba, pale Wawi nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Hujazwa kwenye pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa katikati yake, ukatoka umebeba harufu, kisha ukapozwa ndani ya mabomba hadi ukawa maji. Humo ndimo mafuta hujitenga. Ya mchaichai huelea juu ya maji, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, ni kemikali moja iitwayo yujenoli. Ndiyo inayoganzisha jino linalouma, na madaktari wa meno wameitumia miaka mingi. Ndiyo pia inayochoma ufizi wa mtu aliyeipaka bila kuichanganya na kitu.

Aromatherapi, au tiba ya harufu, ni kuyatumia mafuta haya kwa kuyanusa, au kwa kuyapaka yakiwa yamezimuliwa, ili mtu atulie, alale vizuri au apate nafuu ya uchovu na kichefuchefu. Jina lake lilianzia Ufaransa: mkemia René-Maurice Gattefossé alilitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1937. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Nyumbani kwetu palifukizwa udi na ubani kwenye chetezo, mgonjwa wa mafua alifunikwa shuka juu ya nyungu ya majani ya mkaratusi, na maua ya mlangilangi yalitiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Mlangilangi huohuo, unaolimwa sana Komoro, ndio ambao mafuta yake hununuliwa na watengeneza manukato wa Ufaransa.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye kipimo. Majani ya nyungu hutoa harufu kidogo kidogo, na maji yakipoa shughuli imekwisha. Kichupa kimebeba mzigo mzima wa mmea. Kupata kilo 1 ya mafuta ya waridi kunahitaji zaidi ya tani 3 za maua. Ukilijua hilo, utaelewa mara moja kwamba ‘mafuta ya waridi’ ya bei ya soda si ya waridi. Kichupa cha kuaminika huandikwa jina la kisayansi la mmea, kwa mfano Syzygium aromaticum kwa karafuu au Cymbopogon citratus kwa mchaichai. Ukidondosha tone kwenye karatasi nyeupe likaacha doa la mafuta lisilokauka, mara nyingi yamechanganywa na mafuta ya kawaida.

Harufu ina njia fupi kutoka puani hadi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, ndiyo maana asumini inaweza kukurudisha kwenye arusi ya miaka 20 iliyopita. Baadhi ya tafiti zimeona kuwa lavenda, mmea wa maua yenye harufu, hupunguza wasiwasi kwa kiasi. Kwa kiasi, nasisitiza. Malaria, presha na kisukari haviponi kwa kunusa, na anayekuuzia kichupa kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Chumbani, matone 3 hadi 5 kwenye maji ya difyuza, kile kifaa cha kusambaza harufu hewani, yanatosha, dirisha likiwa wazi kidogo. Iwashe nusu saa au saa moja, kisha izime. Pua huzoea harufu upesi, na aliyezoea huongeza matone akidhani yameisha. Kama huna difyuza, bakuli la maji ya moto linafanya kazi hiyohiyo. Usiyadondoshee kwenye makaa ya chetezo, kwa sababu yanashika moto.

Ya kupaka lazima yazimuliwe. Chukua vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi, kama mililita 30, utie matone 12 ya lavenda. Hiyo ni takriban asilimia 2, inamfaa mtu mzima kukandwa mabega na miguu. Usoni, nusu ya hapo. Karafuu, matone 3 tu. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono kwa ndani, usubiri siku moja. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la limau usiyapake ukatoka juani, kwani jua huyageuza yakaunguza ngozi.

Kuna kosa nililowahi kulifanya mwenyewe. Nilitia matone ya mchaichai kwenye ndoo ya maji ya kuoga nikidhani yatachanganyika. Hayakuchanganyika. Yalielea, na kata ya kwanza niliyojimwagia ilinishukia mgongoni na mafuta yenyewe matupu. Niliwashwa hadi asubuhi. Tangu siku hiyo huyakoroga kwanza ndani ya mafuta ya nazi, halafu najipaka nikishaoga.

Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na harufu ambayo wengine wanaifurahia, kwa hiyo muulize kabla ya kuwasha chochote. Mjamzito aulize kliniki. Paka naye mtoe nje, mlango uwe wazi: ini lake haliwezi kuvunja kemikali kama ile ya karafuu, na akijilamba manyoya anameza kilichomtulia mwilini.

Ninaloliogopa kuliko yote ni kunywa. Kwa kuwa kichupa kimeandikwa ‘muhimu’, wapo wanaotia matone kwenye chai. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo cha mafuta ya mkaratusi kikimezwa kinaweza kuleta degedege, na ya karafuu yameshaharibu maini ya watoto. Mkaratusi na mnanaa usimpake mtoto mchanga puani wala kifuani, hata akiwa na mafua, maana pumzi inaweza kumkata. Kichupa kikae juu, kabatini, kimefungwa. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na kichupa chenyewe mkononi, daktari asome kilichomo.