Mkutano mkuu wa kijiji: tunavyoamini na ilivyo

La mgambo likilia kuna jambo, lakini katika vijiji vyetu vya Uyui, mkoani Tabora, likilia wanaofika ni wazee na viongozi. Wengine husema, "Mwenyekiti yupo, ataamua." Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu imejengwa juu ya mambo yasiyo kweli.

Kubwa kuliko yote ni imani kwamba halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kauli ya mwisho, nasi tunaitwa kupokea matangazo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inasema mamlaka ya juu ya kijiji ni mkutano mkuu. Wajumbe wa halmashauri huchaguliwa na mkutano huo, na unaweza kuwaondoa.

Kwenye ardhi ndipo jambo hili linapouma. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ni mdhamini tu. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Niliwahi kukaa kwenye mkutano chini ya mwembe, kivuli kikihama nasi tukikifuata na viti vyetu. Ilipofika ajenda ya kugawa sehemu ya malisho, mama mmoja aliyetandika kanga nyuma kabisa akasimama: "Mnasema tuliridhia mkutano uliopita. Muhtasari uko wapi?" Daftari likafunguliwa. Limeandikwa "wananchi wameridhia", mahudhurio hayamo. Ajenda ikaahirishwa palepale. Tangu siku ile nashikilia kwamba watu wasitawanyike kabla maazimio hayajasomwa kwa sauti na majina hayajaandikwa.

Eti mhamiaji, au kijana asiye na shamba, hana neno? Anayo haki sawa na mzee wa kijiji. Sheria inataka mambo mawili tu: uwe mkazi, na uwe umefikisha miaka 18.

Wengi pia huogopa kuuliza mapato na matumizi wasije wakaitwa wapinzani. Tunachanga kwa ajili ya darasa na zahanati. Kusomewa hesabu ya michango ile ni haki yetu, na mkutano wa kijiji si wa chama chochote. Hapa tunachanganya jambo lingine: balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa CCM, hayumo katika serikali ya kijiji. Ukimweleza kero yako, bado hujaifikisha. Mpelekee mwenyekiti wa kitongoji.

Wala mkutano haungoji mgeni kutoka wilayani. Ni kila miezi mitatu.

Ninaloliomba kwa viongozi wetu ni saa. Mkutano wa saa nne asubuhi wakati wa palizi huwakosa akina mama, nao ndio wanaojua kisima kipi kimekauka. Uitisheni saa kumi jioni, watu wakiwa wamerudi shamba.