Pepo wa pwani hupewa kiti

Wanafunzi wanaotembelea Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, hunyamaza wakifika kwenye pembe ya mzimu. Chini kuna vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu, chupa za marashi zilizokwisha, majivu ya udi. Watu huja hapa kuomba mtoto, afya, riziki. Basi mwanafunzi mmoja lazima aniulize: "Mwalimu, waganga wetu ndio wale shamani wa kwenye filamu?"

Sisi watu wa mambo ya kale tunadaiwa jibu. Shamani ni neno la Waevenki wa Siberia. Kwao, mtaalamu hupiga ngoma mpaka roho yake mwenyewe itoke mwilini, iende kwa mizimu kuitafuta roho ya mgonjwa iliyopotea, irudi nayo. Miaka ya 1930 utawala wa Kisovieti uliwaandama mashamani hao na kuwanyang'anya ngoma zao.

Huku kwetu msafiri ni pepo. Ndiyo maana tunasema "amempanda kichwani", na aliyepandwa tunamwita kiti. Wazee wengi hata jina hawalitaji ovyo, hasa usiku. Watakwambia tu fulani "ana wenyewe".

Niliwahi kukaribishwa kilingeni, mahali pa kupungia pepo. Mama wa makamo alikuwa amefunikwa shuka jeupe, chetezo cha ubani kikifuka miguuni pake, ngoma zinalia tangu baada ya isha. Fundi, yaani mganga wa pepo, hakumkemea. Alimwinamia, akauliza kwa adabu kama anayempokea mgeni mlangoni: "Jina lako nani? Umetoka wapi? Tumekukosea nini?" Ikajibu sauti nzito ambayo sikuitambua kuwa ya yule mama. Ilitaka kanga mpya, pete ya fedha, sinia la halua, na kiti chake kisishike jembe siku ya Ijumaa. Mumewe, aliyekuwa ameinama pembeni, akaitikia mbele ya wazee: "Tumekubali." Sidhani mama yule alikuwa akiigiza, nilimwona alivyolowa jasho na asubuhi hakukumbuka neno. Lakini najua pia kwamba ombi la kupumzika Ijumaa lingetoka kinywani mwake mchana, nani angelisikiliza?

Mapatano ya namna hiyo si mambo ya jana. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza habari za pepo na kupungwa kwao katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Mashekhe wengi wanaipinga ngoma, ingawa majini hawawakani: sura ya 72 ya Qurani ina jina lao. Wao humtibu mgonjwa kwa kisomo na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini.

Sasa nawasihi wazazi. Watafiti wa malaria waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta degedege ikihesabiwa kuwa maradhi ya peke yake, ya mashetani, isiyohusiana na malaria. Mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, na wapo walioamini kwamba akidungwa sindano atakufa. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Mtoto ana homa na viungo vinakakamaa: mbebe sasa hivi, hata usiku, mpeleke kituo cha afya. Mafusho na kisomo vitamkuta akiwa hai. Mwenye kifafa naye ana dawa hospitalini, na asiziache kwa sababu ameingizwa ngomani.

Tena msichanganye fundi wa pepo na mpiga ramli chonganishi. Fundi hutafuta jina la pepo. Yule mwingine hukutajia jina la shangazi yako, kwamba ndiye mchawi. Kwa maneno kama hayo vikongwe wameuawa nchi hii. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa, kwa hiyo mwombe cheti bila haya.

Na mkija Amboni, msiokote zile sarafu. Mwaka jana alikuja mama amembeba mtoto mgongoni, akasema amekuja kulipa nadhiri. Alimimina marashi kidogo juu ya jiwe, akaweka chupa chini, akatoka polepole ili mtoto asiamke.