Mtoto amekunywa tapentaini: usimtapishe

Pinini ni nini?
Ni kemikali ya asili inayoupa utomvu wa mpaina harufu yake. Imo hata kwenye ubani, na watengenezaji wa manukato huitumia kuleta harufu ya msitu. Majumbani mwetu huingia kwa wingi ndani ya tapentaini ya mafundi rangi, inayopatikana kwa kukeneka utomvu huo. Hiyo tapentaini ndiyo inayotuletea watoto hapa kituo cha afya.

Mtoto akiinywa, nimtapishe?
Hapana. Usimtapishe. Usimtie vidole kooni, usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ya kula.

Lakini si sumu? Si lazima itoke?
Ni sumu, na bado usimtapishe. Tapentaini ni nyepesi mno. Ikipanda kooni, ni rahisi kuteleza na kuingia kwenye njia ya hewa, na tone dogo tu linatosha kuunguza mapafu. Ikibaki tumboni inaweza kumlevya mtoto au kumtia degedege, na hayo tunahangaika nayo hospitali. Mapafu yaliyoungua ni kazi ngumu zaidi. Mama anafika mtoto anahema, ukiuliza, unaambiwa "tumemtapisha mara tatu, sista". Tafadhali, acheni.

Na maziwa, au tui la nazi?
Hapana. Haviui sumu hiyo. Vinajaza tumbo, mtoto anatapika, tunarudi kule kule.

Amekohoa kidogo, sasa amelala. Nisubiri asubuhi?
Usisubiri. Kikohozi kile huenda ndicho dalili kwamba imeshaingia kifuani, na usingizi wenyewe unaweza kuwa ni sumu. Kawaida tunamwangalia mtoto kwa saa 6 hata akionekana mzima, maana dalili zinaweza kuchelewa. Ukiona pua zinatanuka, anapumua mbiombio, ngozi inabonyea katikati ya mbavu, ujue umeshachelewa. Kiasi cha mililita 15, kijiko kimoja cha chakula, kimewahi kuua mtoto.

Nifanye nini basi?
Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mfute mdomo. Mkalishe wima. Akitapika mwenyewe, mwinamishe kichwa au mlaze ubavu. Kisha njoo, usiku huo huo, na chupa uje nayo.

Kama ni thina au mafuta ya taa?
Jibu ni lile lile: usimtapishe, mlete.

Mtoto anaipataje?
Fundi anamimina tapentaini kwenye chupa ya maji ya kunywa, anaiacha sakafuni kando ya brashi. Ni nyeupe kama maji, na mtoto ana kiu. Fundi, iache kwenye kopo lake lenye kifuniko na uiweke juu. Mwenye nyumba, usimlipe kabla hujaona mabaki yameondoka.