Ghorofa karibu na stesheni: tunavyodanganyana kuhusu tathmini ya mazingira

Tangu Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China waliposhuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kule Beijing, huku Mbeya kila mwenye kakiwanja upande wa stesheni, Iyunga na Nzovwe, anajiona tajiri. Ongeza na ile barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, basi madalali hawalali. Mi sina neno na ghorofa wala na fremu za maduka, watu wajenge. Ila stori za vijiweni kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, yaani ule uchunguzi wa kabla ya kujenga kuona mradi utaathiri nini, nyingi ni za uongo, na uongo wenyewe tunakuja kuulipia Novemba mvua ikishuka.

"Mjini hakuna mazingira, mazingira ni msitu"

Hii ndo mama yao zote. Ukimwambia mtu tathmini anawaza nyani wa Rungwe huko, anakujibu kaka hapa ni vumbi na vibanda tu sasa tunatathmini nini. Fungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 uone inavyotafsiri neno mazingira: hewa, ardhi, maji, sauti, mwanga, hadi harufu imetajwa, na vilivyojengwa na binadamu vimo pia. Kwa hiyo yule mama anayeuza chai na maandazi siku ya treni yumo, kelele za jenereta zimo, na vumbi la kifusi linaloingia kwenye sufuria lake la maharage nalo limo.

"Kiwanja chenyewe kidogo, kina athari gani"

Hapa naomba tupige hesabu pamoja maana watu wanapuuza sana. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, rahisi tu. Chukua kiwanja cha mita za mraba 5,000 kilichokuwa nyasi na mahindi mahindi, maji mengi yalikuwa yanazama chini yenyewe. Sasa kimwagie zege, weka pevingi kila kona ili magari yapaki vizuri, halafu jioni moja ishuke mvua ya milimita 40, ambayo Mbeya wala si ajabu. Hizo ni lita 200,000, yaani maboza 20 ya lita elfu kumi kumi yamefunguliwa kwa pamoja ndani ya saa moja au mbili, na yote yanatafuta pa kwenda. Hicho ni kiwanja kimoja. Wakijenga kumi?

Na karibu na reli kuna kitu watu hawakioni kwa sababu wamekizoea, tuta. Tuta la reli ni ukuta wa udongo, maji yanavuka pale tu penye kalvati, lile tundu la kupitishia maji chini ya reli. Reli hii ilijengwa 1970 hadi 1975, Mbeya ikiwa kamji kadogo, juu huko mashamba. Sasa hivi juu huko ni mabati matupu na kalvati ni zilezile. Mwaka juzi mvua ilipokatika nilienda kuchungulia moja, mdomo wake nusu umezibwa na chupa za maji, mabua, gunia la mkaa na kandambili ya mtoto moja, na mchanga umepanda mpaka naweza kukaa juu yake. Ukimwambia mtu hiyo ndo tathmini, kwamba kazi inaanzia kwenye kuchungulia kalvati, anakuona mshamba.

"Mradi ukileta foleni basi ni mbaya kwa mazingira"

Hii hata wenzetu wakubwa waliiamini miaka mingi. California kule Marekani wana sheria yao ya tathmini tangu 1970, na kwa muda mrefu kipimo cha usafiri kilikuwa magari yanachelewa kiasi gani kwenye makutano. Kikaleta kichekesho: jengo la katikati ya mji karibu na stesheni linaonekana lina athari kubwa maana barabara tayari imejaa, wakati mtaa mpya wa nje ya mji kwenye mashamba unapita vizuri kwa sababu kule barabara nyeupe, ingawa kila anayehamia kule atakuwa anaendesha kilomita chungu nzima kila siku. Mwaka 2013 wakapitisha sheria ya kubadilisha kipimo, na tangu Julai 2020 wanaangalia jumla ya umbali ambao magari yatatembea kwa sababu ya mradi. Mradi ulio ndani ya nusu maili ya stesheni, kama mita 800 hivi, kwa kawaida unachukuliwa hauna tatizo kubwa upande huo. Mi naona walikuwa sahihi, foleni inaudhi ila moshi unatokana na kilomita.

Ila sasa wajanja wa huku wameisikia hiyo wanakuja na yao:

"Karibu na stesheni watu watapanda treni, gari hazitaongezeka"

Treni ya wapi? TAZARA ni ya safari ndefu, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, siyo ya kutoka Uyole kwenda kazini asubuhi. Mtu wa ghorofa la Iyunga akitaka kwenda Mwanjelwa atapanda daladala, bajaji au boda. Hoja ya mita 800 inasimama pale penye usafiri unaopita mara kwa mara. Kwa hiyo swali la tathmini hapa ni daladala zitasimama wapi, bajaji zitageuzia wapi, na mtoto wa shule atavukia wapi njia nne.

"Ardhi ya reli haina shida, ilikuwa wazi tu"

Haraka haraka: penye karakana na vichwa vya dizeli oili inamwagika, na mataruma ya mbao ya zamani, yale yanayobeba reli, hupakwa kreosoti, dawa ya kuzuia mbao isioze, ambayo ni sumu. Pima udongo kabla hujachimba kisima.

"Ukipata cheti cha tathmini umemaliza, na mikutano ya maoni ni ya kusaini na kunywa soda"

Cheti kinakuja na masharti, na kuna mpango wa usimamizi unaotakiwa kufuatwa na kukaguliwa wakati wa ujenzi na baada yake. Maoni ya wananchi yapo kwenye sheria, siyo hisani, na muhtasari wa ripoti unatakiwa uwe na Kiswahili pia, kwa hiyo ukipewa makaratasi ya Kiingereza peke yake omba mengine.

Soda nilikunywa nami, sikatai. Ilikuwa mkutano mmoja wa mtaa, mshauri wa mradi kabandika michoro ukutani, ghorofa linapendeza kweli, miti imechorwa kijani. Bibi mmoja wa Kinyakyusa kanyoosha mkono, akashukuru kwa kilugha, "ndaga", akauliza mwanangu, maji yenu yakitoka hapo yanaelekea kwa nani? Yule kijana akaanza kufuata mshale wa mtaro kwa kidole. Mshale ukaishia kwenye ukuta wa kiwanja.