Debe la Mtoto: Kuotesha Mboga na Watoto Kisiwani Amu

Siku moja ya mwezi wa Mei, mvua ilipotulia kidogo, niliingia nyumba moja ya Langoni, mtaa wa mji wetu wa Amu (Lamu), nikamkuta msichana wa miaka minane amechutama kwenye kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Mbele yake palikuwa na debe la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu. Siku nne kabla alikuwa ametia punje sita za kunde, na sasa udongo ulikuwa umepasuka mahali patano. Miche minne ilishasimama. Wa tano shingo ilikuwa imetoka lakini kichwa bado kimezama udongoni, umeinama kama mtu aliyerukuu, na msichana alikuwa akingoja uitidali, yaani usimame wima. Mamake akamwambia, "Muamkie ami yako," akaniamkia bila kuinua macho. Nikamuuliza kama ametia maji.

"Nimetia asubuhi, kata moja. Mama hakunisaidia."

Maneno hayo mawili ya mwisho aliyasema amenyoosha mgongo. Ningependa kila mzazi wa Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni ayasikie kwa mtoto wake, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Familia nyingi zinazotujia sisi maafisa wa ugani wa kilimo huja na hamu ya bustani kubwa. Baba huchimba, mama huchagua mbegu, na watoto hutumwa maji. Ikifika wiki ya tatu, bustani imekuwa kazi ya nyumbani kama kazi nyingine, na mtoto akisikia anaitwa hupotelea barazani. Liko jambo jingine linaloniuma zaidi. Watoto wetu wengi mara ya kwanza wanaposhika jembe au ndoo ya kumwagilia huwa wanaadhibiwa, kwa kuchelewa au kwa kupiga kelele darasani. Mtoto aliyeujua udongo kwa adhabu, si rahisi aupende akiwa mtu mzima. Namsihi mwalimu au mzazi anayesoma hapa atafute adhabu nyingine.

Basi anza na kitu kimoja kidogo, na kiwe cha mtoto kweli. Debe lake liandikwe jina lake. Mpe mbegu za aina tatu achague mwenyewe. Akisahau kutia maji, mkumbushe mara moja, kisha mwache aone majani yamenywea. Kunde iliyonywea saa nane mchana mara nyingi huinuka ikipata maji alasiri, na mtoto akishaona mabadiliko hayo kwa macho yake hahitaji tena kukumbushwa sana. Usiende usiku ukamtilia maji kwa siri. Ukifanya hivyo debe limekuwa lako.

Chombo chochote kitafaa ikiwa kina matundu chini ya kutolea maji: debe, karai lililopasuka, ndoo iliyovunjika mkono, hata gunia. Makali ya debe yapondwe kwa nyundo yasimkate. Usitumie kabisa mkebe uliokuwa na rangi, dawa ya wadudu au oili ya mashine, hata ukiosha mara ngapi.

Mbegu za kwanza ziwe kunde na mchicha. Punje ya kunde ni kubwa, hata mtoto wa miaka mitatu anaishika kwa vidole viwili, na katika joto letu humea ndani ya siku tatu au nne. Mchicha una mbegu ndogo kama vumbi la baruti. Mwambie mtoto achanganye kijiko kidogo cha mbegu na konzi mbili za mchanga mkavu kabla ya kunyunyiza, la sivyo zote zitaanguka mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au nne huwa tayari kukatwa. Mkubwa kidogo anaweza kuotesha bamia, akiziloweka mbegu usiku kucha, na bamia inataka debe zima, si nusu. Matembele hayataki mbegu: kipande cha mti wake chenye urefu wa sentimita 30, nusu yake ifukiwe, basi. Karoti na vitunguu mwachieni mtu mzima mwenye subira. Vinakawia, na vinachukia chumvi ya maji yetu.

Sasa udongo, maana hapa ndipo bustani nyingi za mji huharibikia.

Udongo wa majumba ya Amu umechanganyika na vifusi vya mawe ya matumbawe na chokaa iliyobanduka kutani. Udongo wa namna hiyo una nyongo (alikali), kinyume cha uchachu: chuma kimo ndani yake, lakini kwa sababu ya chokaa mzizi haukipati. Dalili yake ni jani changa kugeuka manjano huku vishipa vyake vimebaki kijani. Wengi wakiona manjano hayo huongeza jivu la jikoni, kwa kuwa tumefundishwa kuwa jivu ni mbolea. Bara kwenye udongo mchachu ni kweli. Kwetu jivu linazidisha tatizo lile lile la chokaa. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo niliwaambia watoto wa darasa moja watie jivu kwenye kunde zao, na ndani ya wiki mbili jani zima lilikuwa manjano. Niliwaomba radhi tukaanza upya. Kwa hiyo msichote udongo chini ya ukuta unaomomonyoka, na jivu liacheni.

Tunachokihitaji tunacho tele, kinatembea vichochoroni kila siku. Samadi ya punda ni mali. Lakini isitiwe ikiwa mbichi. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na imejaa mbegu za magugu, kwa kuwa tumbo la punda halisagi mbegu vizuri kama la ng'ombe. Ikusanyeni mahali penye kivuli, pamoja na majani makavu, maganda ya mboga na ndizi, mpaka lundo lifike mita moja kila upande. Liwe na unyevu kiasi kwamba ukikamata konzi na kuminya, mkono unalowa lakini maji hayadondoki. Chomeka fimbo katikati. Kila siku ya pili mtoto aichomoe na kuigusa ncha yake. Fimbo ikitoka ya moto, lundo linafanya kazi. Ikipoa, mtu mzima aligeuze. Sijaona mchezo unaowashika watoto kama fimbo hiyo. Watakuja na wenzao wa mtaa mzima waiguse. Baada ya miezi miwili au mitatu samadi haitambuliki tena, imekuwa nyeusi, laini, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo mboji. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya mboji.

Na hapa lazima niseme kwa uzito. Ugonjwa wa pepopunda unasababishwa na vijidudu vinavyokaa ardhini na katika mavi ya wanyama, punda wakiwemo, navyo huingia mwilini kupitia kidonda. Mtoto mwenye jeraha mguuni asikaribie lundo mpaka lipone, na kugeuza samadi iwe kazi ya mtu mzima aliyevaa viatu. Mtoto akijikata bustanini, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda naye kituo cha afya na kadi yake ya chanjo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humkinga, lakini kinga hupungua miaka inavyopita, na mhudumu ndiye atakayesema kama anahitaji nyingine.

Maji nayo yana mambo yake. Maji matamu ya mji wetu hutoka visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na matuta ya mchanga ikakaa chini juu ya maji ya chumvi. Tukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Sipendi kuona mpira umeachwa wazi kwenye bustani kwa saa nzima. Zipo njia nyingine. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Maji ya udhu yanafaa pia, hayana sabuni. Weka beseni chini ya bomba, na mtoto akimaliza kutawadha kwa alasiri apeleke beseni lake kwenye debe lake. Wakati huo ndio mzuri hasa, jua limeshapungua ukali na chuo (madrasa) kimekwisha. Maji ya mvua yakingwe masika yote. Wenzetu wa Lamu Mashariki, wanaoishi kwa jabia, yale mabirika makubwa ya kukingia maji ya mvua, wanajua thamani ya kila tone linaloanguka, na mtoto wa mjini anaweza kuanza na pipa moja chini ya mfereji wa dari. Pipa lifunikwe lisizae mbu. Wazee wetu walitia samaki wadogo ndani ya birika la kuwekea maji ya nyumba ili wale viluwiluwi vya mbu, na mtoto akionyeshwa birika la namna hiyo hasahau.

Kama mna kisima chenye maji ya chumvi kidogo tu, kunde na mchicha vitavumilia, maharagwe hayataweza. Mwageni mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini ya debe, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo, maana maji machache hukauka na kuiacha chumvi juu. Yamwagwe shinani, yasiguse majani. Mkiona unga mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Mvua kubwa ikija, sogezeni madebe yote uwanjani yanyeshewe mpaka yatiririke. Ndani ya debe, chini kabisa, pangeni makumbi ya nazi, yanashika maji kama sifongo, ila yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, kwa kuwa yamekunywa maji ya bahari. Kuanzia Disemba mpaka Machi, kaskazi linapovuma na jua ni kali, wekeni kuti juu ya debe liwe kivuli saa za adhuhuri.

Wadudu wadogo weusi wakijaa kwenye ncha za kunde, mtoto awafute kwa vidole vyenye maji ya sabuni. Hilo linatosha mara nyingi. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa pia husaidia, lakini ayaandae mtu mzima na chombo chake kisichanganywe na vyombo vya kunywea. Adui mkubwa zaidi katika mji wetu ni paka. Paka akiona udongo laini anaona choo, na kinyesi chake kinaweza kuwa na kimelea kinachomdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asichimbe udongo huo kwa mikono mitupu. Tandazeni wavu mkuukuu wa uvuvi juu ya debe mara tu baada ya kupanda. Kila mtu anaosha mikono akitoka bustanini, na kila jani linaoshwa kabla ya kuingia chunguni.

Siku ya kukata mchicha, mpe mtoto mkasi. Akate juu, aache shina la vidole vitatu au vinne lenye macho ya majani, nalo litachipua tena. Apike nanyi siku hiyo hiyo. Tui la nazi katika mchicha si la ladha peke yake, mafuta yake husaidia mwili kupokea kile kiini cha majani ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ndimu ikikamuliwa juu husaidia chuma kuingia damuni. Chai ya rangi iliyonywewa pamoja na chakula hukizuia, kwa hiyo ingoje kama saa moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2023, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Debe moja halitafikisha hapo, wala sikuahidi hivyo. Chungu kitajazwa na gunia la mama, ambalo hubeba miche 30 na zaidi ukipanda juu na kwenye matobo ya ubavuni. Debe la mtoto lina kazi nyingine. Mtoto mdogo hukataa mboga mpya si mara moja wala mbili. Huenda aonjeshwe mara kumi ndipo aizoee. Bustani nyingi za watoto zimeonyesha kwamba mtoto huwa na ujasiri zaidi wa kuionja mboga aliyoiotesha mwenyewe. Asilazimishwe. Wekeni sahani katikati ya mkeka, mseme ni mchicha wa nani, mle.

Mche mmoja wa mchicha usikatwe. Uacheni upande mpaka utoe suke na likauke. Mtoto alifikiche ndani ya ungo, apepete taratibu kwa pumzi yake mwenyewe, makapi yaruke na mbegu nyeusi zinazong'aa zibaki. Suke moja lina maelfu ya mbegu. Atie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, aandike jina la mboga na mwezi, aiweke kwenye kidaka, lile shubaka la ukutani, mbali na jua. Zile asizozihitaji ampelekee mtoto wa nyumba ya pili, na aende naye kumwonyesha namna ya kuchanganya na mchanga.