Bakteria Kunusurika Angani Si Tiketi Yako ya Kwenda Mirihi

Wiki hii nimeletewa tena ile hoja, safari hii na kijana mmoja pale Kibirizi, hapa Kigoma, tukisubiri boti ya kwenda kuchukua sampuli. "Mwalimu, uhai ulitoka anga za juu. Bakteria wamekaa nje ya chombo cha anga miaka mitatu hawakufa. Sasa sisi wenye akili tutashindwaje kwenda kukaa Mirihi?" Alikuwa amenipa shikamoo kwanza, kwa hiyo nilimjibu kwa upole. Hapa sitajisumbua na upole.

La kwanza, kwamba uhai ulitoka anga za juu, nilipitie haraka. Kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na udongo wa kisayari Bennu ulioletwa duniani Septemba 2023 umekutwa na asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazotumiwa na viumbe. Habari nzuri sana kwa wakemia. Lakini asidi amino si kiumbe; haili, haizai, haifi. Na tafadhali, Kimondo cha Mbozi tukiache nje ya mada hii. Kile ni chuma na nikeli. Anayetafuta kemia ya kaboni amebisha hodi nyumba ya jirani.

Je, bakteria mzima anaweza kusafiri ndani ya jiwe kutoka sayari moja hadi nyingine? Siwezi kukataa. Kile kimondo cha Mirihi kiitwacho ALH84001 kilipopimwa, ilionekana sehemu yake ya ndani haikuwahi kupita nyuzi 40 za joto tangu kiliporushwa kutoka huko. Kwa bakteria, hilo ni joto la kawaida. Lakini hata tukikubali kwamba uhai ulihamia hapa, bado utaniambia ulianzaje huko ulikotoka.

Sasa hii ya miaka mitatu ndiyo inayonikera. Jaribio lenyewe linaitwa Tanpopo, ni la Wajapani. Kati ya 2015 na 2018 vidonge vya bakteria aina ya Deinococcus viliwekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, na matokeo yakachapishwa 2020. Waliosimulia habari hiyo mitandaoni waliishia kwenye kichwa cha habari. Walionusurika walikuwa kwenye vidonge vyenye unene wa nusu milimita na kuendelea. Wale wa tabaka la juu waliuawa na mionzi ya urujuanimno ya Jua, na maiti zao ndizo zilizowakinga wa chini. Na hao wa chini walikuwa wamekaushwa kabla ya kupelekwa, wakavu kama dagaa waliokaa vichanjani wiki nzima, ila wenyewe ukiwarudishia maji na chakula wanaamka. Kwa miaka yote hiyo mitatu hakuna aliyekula wala aliyegawanyika. Hawakuwa wakiishi angani. Walikuwa wamesimamisha kuishi hadi warudi nyumbani, na nyumbani kwao ni hapahapa.

Huyu Deinococcus ana sifa zake, simdharau. Aligunduliwa Oregon, Marekani, mwaka 1956, katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ya gama ili isioze, ikaoza. Anahimili grei 5,000 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili). Wewe ukipigwa grei 5 mwili mzima bila matibabu, uwezekano mkubwa ni kwamba hutamaliza miezi miwili. Mionzi hukata DNA vipandevipande, naye huviunga upya kwa ustadi ambao bado unatushangaza. Alijifunzia wapi, wakati duniani hakuna makazi ya asili yenye mionzi kiasi hicho? Jibu linalokubalika zaidi ni ukame. Kukauka nako hukata DNA, kwa hiyo aliyezoea kukauka na kulowa akajikuta ana kinga ya mionzi ambayo hakuiomba.

Haya, sasa wewe jikaushe. Mwili wa binadamu hauna hali ya kusubiri. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu, kuna sehemu haitarudi tena. Ndiyo maana ukiniambia "uhai ni mgumu" nakuuliza: uhai wa nani?

Watu wa Kigoma tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine wote. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, lakini upande huu wa kaskazini oksijeni huishia kwenye mita mia moja hivi. Chini ya hapo hakuna mgebuka, hakuna kuhe, hakuna dagaa. Tukishusha chupa ya sampuli huko, maji hupanda na harufu ya salfidi ya haidrojeni, na yana bakteria, tena si waliolala bali walio kazini. Yaani sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika ni makazi ya viumbe ambao hewa yetu ingewaua. Bado sijakutana na mvuvi aliyeniambia kwamba, kwa kuwa bakteria wapo mita 800, naye atahamia huko na wanawe.

Hali hiyo ya chini ya ziwa ndiyo iliyokuwa ya kawaida duniani zamani. Alama za vijidudu kwenye miamba ya Pilbara, Australia, zina umri wa takribani miaka bilioni 3.5. Oksijeni ilianza kujaa hewani miaka kama bilioni 2.4 iliyopita. Fanya hesabu: uhai ulikaa zaidi ya miaka bilioni moja bila kuihitaji. Sisi tuliokuja baadaye tumefungwa nayo, na tunakokwenda lazima tuibebe. Mwanaanga mmoja anahitaji kama gramu 840 za oksijeni kwa siku. Kituo cha Anga sasa kinarejeleza asilimia 98 ya maji yake, mkojo na jasho vikiwemo, lakini kituo hicho kiko juu yetu kama kilomita 400, umbali wa reli kutoka hapa hadi Tabora. Pampu ikifa, ya akiba italetwa. Mirihi ni miezi sita hadi tisa kwenda tu, na huwezi kugeuza njiani.

Mifupa hupungua asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi bila kani ya mvutano; mazoezi ya saa mbili kila siku hupunguza hasara hiyo. Macho pia huharibika. Haya nayapita, kwa sababu mwanaanga Mrusi Valeri Polyakov alikaa angani siku 437 mfululizo, 1994 hadi 1995, akarudi akatembea. Ila alikuwa bado ndani ya kinga ya sumaku ya dunia.

Nje ya kinga hiyo, kipimo kilichosafiri na Curiosity, gari la utafiti lililopelekwa Mirihi, kilionyesha kwamba kwenda Mirihi na kurudi ni takribani milisieverti 660 (kipimo cha madhara ya mionzi mwilini), bila kuhesabu muda wa kukaa huko. Wastani wa mionzi ya asili hapa duniani ni 2.4 kwa mwaka. Na usiniletee tena ile kinga ya nusu milimita ya bakteria waliokufa: ile ilizuia urujuanimno. Mionzi ya kosmiki, itokayo anga za mbali, ina viini vizito vya atomu, hata vya chuma, vinavyopenya ukuta wa alumini na kuzalisha chembe nyingine njiani. Agosti 1972 Jua lililipuka vibaya katikati ya safari za Mwezini za Apollo 16 na 17. Kilichowaokoa wanaanga ni kalenda. Tena makadirio yetu ya saratani yanaegemea sana manusura wa Hiroshima na Nagasaki, ambao walipigwa zaidi na gama, kwa mara moja. Kuyahamishia kwa mtu anayepigwa na viini vya chuma polepole kwa miaka miwili ni kukisia, hata kama jedwali limechapwa vizuri.

Ukweli huohuo niuseme upande wa chanzo cha uhai. Vitabu vya shule huweka jaribio la Miller la 1952, aliyepitisha cheche za umeme kwenye gesi akapata asidi amino, kana kwamba kesi ilifungwa. Mchanganyiko wake wa methani, amonia na haidrojeni huenda haukuwa hewa ya dunia ile. Wanaosema uhai ulianzia kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari wana tatizo kwamba kuunganisha asidi amino hutoa maji, na ndani ya maji kazi hiyo ni kupanda mlima. Mimi naegemea madimbwi ya nchi kavu yanayokauka na kujaa, ingawa hayo nayo yalikuwa yanapigwa na urujuanimno bila ozoni ya kuyakinga. Zile chemchemi za moto za Cape Banza, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, kila mgeni akizisikia anataka ziwe chimbuko la uhai. Hata ukikubali kwamba ziwa hili lina umri wa miaka milioni 12, lilipozaliwa uhai ulikuwa umeshazeeka.

Na kwa kuwa bado hatujui uhai ulianzaje, haraka ya kupeleka watu Mirihi inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine kabisa. Vyombo vya Viking, vilivyotumwa kutua Mirihi, vilipikwa kwa nyuzi zaidi ya 110 kwa saa nyingi kabla ya kurushwa 1975, ili visibebe vijidudu vyetu. Mtu huwezi kumpika. Anakwenda na matrilioni ya bakteria tumboni na kwenye ngozi, na kila mlango wa chombo ukifunguliwa wengine wanatoka, wakavu, wamelala. Baada ya hapo, tukikuta kijidudu kwenye udongo wa huko, tutabishana miaka hamsini kama ni cha Mirihi au cha mwanaanga. Perseverance, gari jingine la utafiti la huko Mirihi, ilianza 2021 kujaza mirija ya sampuli kwenye kreta ya Jezero. Ningetaka mirija hiyo ifike maabara kabla buti la mtu yeyote halijakanyaga pale.