Kompyuta ya kazi hairudishiwi pesa na KRA

Wengi waliojiajiri nchini Kenya huamini kwamba ukinunua kompyuta ya kazi, KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) itakurudishia bei yake, au itaikata yote kutoka kwa kodi yako. Sivyo. Kinachopunguzwa ni mapato yanayotozwa kodi, na hupunguzwa kidogo kidogo.

Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu asilimia 25 ya bei ya kompyuta kila mwaka, kwa mafungu sawa. Tuseme mchoraji ramani za nyumba amenunua laptopu ya shilingi 80,000 na anaitumia kwa kazi tu. Kila mwaka, kwa miaka 4, atatoa 20,000 kwenye faida yake kabla ya kupiga hesabu ya kodi. Ikiwa kiwango chake cha juu cha kodi ni asilimia 30, ameokoa 6,000 kwa mwaka. Si 80,000, lakini si haba, na inaniuma kuona watu wakiziacha kwa kukosa risiti tu. Dai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, siku ileile unaponunua.

Kama watoto nao huitumia, dai sehemu ya kazi pekee. Anayelipa kodi ya mauzo ghafi (turnover tax), ile ya asilimia 3 ya mauzo yote, hana nafuu hii: kodi hiyo haitoi nafasi ya kukata gharama yoyote.